Propela Mpya na Njia ya kwa Shangazi Tatu

Mmekuwa mkinisimamisha sokoni, mkinipigia simu, na wengine mkinitumia ujumbe wa "pole, ilikuwaje?" Kila niliyemjibu nimempa kipande, na vipande vimeshaanza kutofautiana. Juzi nimesikia gari langu liliungua. Halikuungua. Naandika yote hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Jambo lilikuwa moja tu: Baba alitaka amkute dada yake hai. Shangazi Tatu ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Baba akiwa bado ananyonya, na Shangazi, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto, akambeba mgongoni na kumtafunia chakula. Aliolewa huko magharibi, katika kijiji kilicho kusini mwa barabara ya Uvinza, ndani kabisa, ambako basi halifiki na pikipiki wakati wa mvua inarudi yenyewe. Mvua zilipoanza, mwanawe Rajabu alipiga simu. Mama hali tena, anakunywa uji wa kulazimishwa, na anamtaja mdogo wake.

Baba nyonga yake ni mbovu. Hakuna namna angefika kule ila kwa gari langu, na gari langu wakati huo lilikuwa juu ya magogo.

Gerejini

Mnaolijua gari langu mnajua lilivyo juu. Nanunua asali kwa warina asali wa huko Sikonge, na mbuga za kule wakati wa mvua hazimwonei mtu huruma, kwa hiyo nililinyanyua: springi nzito, shokapu ndefu, na tairi ambazo Baba anasema nimewaibia wenye matrekta. Analiita gari lililovaa viatu vya mchuchumio. Kila akipanda anataka kigoda, na kila akipewa kigoda anakasirika.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni propela. Hili ni bomba refu linalozunguka chini ya gari, linatoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye difu, zinakoanzia tairi za nyuma. Gari likiwa katika kimo chake, propela inalala karibu sawa. Ukilinyanyua, inaning'inia kwa mteremko mkali, na krosi, yaani viungo vya ncha zake, vinajipinda kuliko vilivyozoea. Gari lilikuwa likitetemeka mpaka meno yanagongana. Nimebadilisha krosi mara nyingi kuliko nilivyobadilisha kandambili.

Fundi wangu wa hapa Mtendeni, Tabora, Fundi Idi, alilala chini yake, akatoka akijifuta mikono.

"Dada Zaituni, tusidanganyane," akasema. "Propela hii ni ya gari fupi. Tutengeneze ndefu, na huku juu tuweke krosi pacha, mbili zikae pamoja zigawane ule mkunjo. Halafu difu tuiinue pua, tuipigie kabari chini ya springi ili itazamane na propela."

"Itachukua muda?"

"Kazi ya haraka utaiona njiani."

Basi tukangoja. Baba alikuwa akija gerejini kila asubuhi na kikapu chake, anakaa juu ya tairi kuukuu, anawatazama mafundi bila kusema. Kwa mtu anayesema mpaka usingizini, ule ukimya ulinitia unyonge. Rajabu akipiga simu, Baba alikuwa akiinyakua simu mkononi mwangu na kuuliza swali moja tu: "Amekula?" Akijibiwa ndiyo, hata kijiko, ananirudishia simu na kukaa tena.

Siku gari liliposhushwa kutoka kwenye magogo, Fundi Idi alinionyesha zile kabari mbili za chuma, moja kila upande, zimebanwa kati ya springi na ekseli. Akaniambia nisikimbie mpaka zikae sawa.

Mtendeni hadi Urambo

Gari lilikwenda kimya. Niseme kweli, kwa mwendo wa kwanza ule nilifurahi kuliko inavyompasa mtu anayekwenda kwa mgonjwa. Hakuna mtetemo, hakuna mlio, ni mvumo wa tairi tu juu ya lami.

Baba alirudiwa na maneno yake. Njia hii yote, kwa maelezo yake, ni ya babu yake, aliyeipita kwa miguu na mzigo begani, kwenda Ujiji na kurudi. "Na hakuwa na krosi," akasema. "Alikuwa na magoti mawili, basi."

"Na wewe magoti unayo mangapi?" nikamuuliza. "Teremka basi utembee."

Ndivyo tulivyo, mimi na Baba. Mama alipokuwa hai alikuwa akitoka nje akituona tumekaa pamoja. Kila penye wanawake wanaouza uyoga kando ya barabara, Baba alitaka tusimame. Hanunui. Anauliza umechumwa wapi, anaunusa, anasema ule wa Ntalikwa ni mtamu zaidi, kisha anasema twende. Mara ya tatu nilimgombeza vibaya. Nilimwambia tuna mgonjwa, na uyoga haukimbii. Akatoa matobolwa kwenye kikapu, akaanza kuyamung'unya kwa sauti makusudi. Mtu hana magego, anakula viazi vikavu.

Kabla ya Urambo tukakuta foleni. Lori la tumbaku lilikuwa limelala ubavu kwenye utelezi, marobota yametapakaa barabara nzima na mvua inayanyeshea. Huku kando kulikuwa na mtaro, hata gari langu lisingepita. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Dereva wa lori alikuwa amejikunyata chini ya turubai, na kila aliyemkaribia alimwambia maneno yale yale, kwamba hakusinzia usukanini, kwamba ametumwa tu. Hakuna aliyemuuliza. Baba alimpelekea matobolwa, akakaa naye. Mimi nilikaa nyuma ya usukani nikiona tunavyochelewa, na sikuwa na wa kumlaumu.

Urambo tulipata nyumba ya wageni. Binti wa mapokezi alitutazama, akauliza, "Chumba kimoja au viwili?"

Baba akamwelewa upesi kuliko mimi. "Huyu?" akasema. "Huyu ningeshamrudisha kwao siku ya pili." Binti akaona haya akajifunika uso. Tulicheka, nadhani ndiyo mara ya mwisho tulipocheka pamoja safari nzima.

Kaliua

Asubuhi tulipokaribia Kaliua, mlio ukaanza. Kwanza uligonga mara moja nikiachia mafuta, kisha mara moja nikikanyaga, halafu ikawa kila wakati. Chuma kinagonga chuma chini ya miguu yetu. Nilikwenda polepole mpaka nikaona gereji ya kando ya barabara, ya fundi mmoja Msukuma aitwaye Masanja.

Anayejua mambo yetu anajua Msukuma na Mnyamwezi wakikutana ni nini kinafuata. Ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukudai kuku wako, hata kulala ndani ya kaburi lako msibani akisema hatoki mpaka apewe chake, na ukikasirika ni wewe mwenye kosa. Baba alipomwambia tu kwamba sisi ni watu wa Tabora, Masanja akatupa spana chini.

"Wanyamwezi! Mmemaliza asali ya kwenu sasa mnafuata ya watu? Mzee, unakwenda wapi na hali hii?"

"Kwa dada yangu. Mgonjwa."

"Mgonjwa, au unawahi pilau?"

Baba akacheka mpaka akashika nyonga. "Wewe mchunga ng'ombe, nikifa mimi usije, utakula mpaka jamvi."

Masanja aliingia chini ya gari huku akiendelea kumtukana. Akatoka na kipande cha chuma mkononi. Kabari ya kushoto ilikuwa imepasuka. Difu ilikuwa imeinamisha pua, na krosi pacha ilikuwa ikijigonga kwenye ukingo wake yenyewe. Kabari ya chuma ya kipimo kile hakuwa nayo. Alikwenda kwa seremala wa jirani, akarudi na kipande cha mninga mkavu, akaanza kukichonga.

"Mti?" nikauliza.

"Mti. Utakufikisha Uvinza kama hutakuwa na papara. Zaidi ya hapo usiniulize."

Hapo ndipo simu ya Rajabu ilipolia.

"Dada Zaituni," akasema. "Mzee yuko karibu?"

Nikajua. Sikuhitaji sentensi ya pili. Nilitembea hadi nyuma ya kibanda cha seremala, na kule, katikati ya maranda, Rajabu akaniambia mama yake ametutoka alfajiri. Wazee wa msikiti walikuwa wanasema wazike alasiri, kwa sababu mvua inakuja na kaburi litajaa maji. Amewaomba wasubiri. Watasubiri wanavyoweza.

"Mzee asijue njiani," akasema. "Nakuomba dada. Atatufia na yeye."

Hivi ndivyo tunavyofanya kwetu, na nimewafanyia wengi. Aliye safarini haambiwi. Anaambiwa mgonjwa yupo, anaendelea, njoo, mpaka aone mwenyewe viti na turubai na watu wamekaa chini. Tunasema ni huruma. Nililia nikiwa nimejiziba mdomo kwa ushungi, nikanawa uso kwa maji ya dumu la seremala. Nilipogeuka, Masanja alikuwa amesimama na kabari yake mkononi. Alikuwa amesikia. Nikaweka kidole mdomoni, akaitikia kwa kichwa.

Alifunga kabari, akakaza bolti, akanawa mikono. Kisha akamsaidia Baba kupanda. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Safari njema, mzee wangu. Mungu awatangulie."

Kaliua hadi Malagarasi

Nilikimbia. Fundi Idi alisema nisikimbie, Masanja alisema nisiwe na papara, na mimi nilikimbia, kwa sababu nilitaka Baba auone uso wa dada yake kabla haujafunikwa. Hilo tu ndilo lililokuwa limebaki. Msitu ulipita huku na huku, miti ile ile, mizinga ya magome imening'inia juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuitazama kujua ni ya nani.

Baba akasema anataka kuswali adhuhuri. Nikasimama. Aliswali taratibu, kwenye jamvi, kwa kukaa, na alikaa muda mrefu baada ya salamu mikono yake imeinuliwa. Sikumhimiza. Mbele kidogo akasema ana njaa, nikasimama tena kwa mama lishe mmoja, tukapewa ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchoma. Nilimchambulia samaki miiba. Akataka chai, nikaagiza chai. Moyo wangu ulikuwa ukiniambia inuka, inuka, na mdomo wangu ulikuwa ukisema, "Kunywa Baba, pole pole, bado moto."

Alinitazama juu ya kikombe. Hakuimaliza ile chai.

Tulipita daraja la Malagarasi mto ukiwa umejaa, maji ya rangi ya udongo yamefunika matete. Baba hakusema chochote kuhusu babu yake. Mimi nilishukuru kwa ule ukimya, nikadhani amechoka.

Mbugani

Unapoiacha barabara kubwa kuelekea kijijini, kuna mbuga ya udongo mweusi. Kiangazi ni ngumu, unaipita umelala. Mvua zikianza inakuwa uji. Niliingiza nguvu za tairi zote nne, nikaingia kwa kasi, na gari likaogelea vizuri kwa muda. Kisha mlio ukarudi, mara hii mkubwa, mpaka kiti cha Baba kikaruka.

Kabari ya mninga ilikuwa imesagika. Nilijua, na sikuacha kukanyaga mafuta.

"Simama," Baba akasema.

"Hapana, tumekaribia."

"Zaituni, simama. Ikikatika ikiwa inazunguka itatoboa sakafu, itakuvunja miguu."

"Baba, hatuwezi kusimama!"

"Tatu amekwisha fariki," akasema. "Hana haraka tena. Simamisha gari."

Nilisimamisha. Injini ilikuwa inanguruma na mvua imeanza kudondoka juu ya boneti. Sikuweza kumtazama.

"Nani amekwambia?"

"Yule Msukuma," akasema. "Msukuma gani anamuaga Mnyamwezi kwa adabu? Amenitukana tangu nifike, halafu ananishika mkono ananiita mzee wangu. Nikasema moyoni, kuna kitu. Na wewe. Tangu pale hujanigombeza hata mara moja. Umenichambulia samaki. Nilikuomba chai kukupima tu, nikaona unaniagizia. Hata nilipokuwa naswali moyo ulikuwa umeshaniambia, nikamwombea."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekimbia zaidi. Nimebaki na wewe tu, nikuzike na wewe?"

Nililia pale bila kujiziba chochote. Baba naye alilia, kimya, machozi yanapita kwenye mikunjo ya uso anayafuta kwa kofia yake. Kwa saa zote zile tulikuwa tumekaa bega kwa bega, kila mmoja anamficha mwenzake msiba ule ule. Sijui kama hiyo ni huruma. Nawaambieni tu kwamba sitamfanyia hivyo tena mtu yeyote, na mtanisamehe nikija kuwaambia habari mbaya barabarani.

Kisha ikabidi nilale kwenye tope. Gari hili likiwa na nguvu za tairi zote nne, ukitoa propela ya nyuma linaweza kujivuta kwa tairi za mbele peke yake, kinyonge, lakini linakwenda. Nilitandika turubai, nikaingia chini. Baba aliinama mlangoni akinipa spana. Nilikuwa nikimwambia ile kubwa, ananipa ndogo, nikamfokea, akanifokea. Bolti za mwisho zilikuwa zimeziba kwa udongo, nikazisafisha kwa kucha. Propela ilipoachia iliniangukia kifuani, na hapo nilikaa kidogo nayo imenilalia, mpya, rangi haijachubuka hata mahali pamoja, ila krosi pacha imemegeka upande mmoja.

Tuliitupa kwenye siti ya nyuma. Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Mara kwa mara tairi za mbele zilizunguka bure, narudi nyuma, natafuta majani, naanza tena. Jua lilikuwa nyuma ya mawingu na tuliliona likishuka hivyo hivyo. Hakuna aliyesema habari ya alasiri.

Kwa Shangazi

Tulipouona mji wa Shangazi, tuliwaona pia wanaume wanarudi kutoka makaburini, wamekunja suruali, majembe begani. Walisimama kando ya njia kutupisha. Hakuna aliyepunga mkono.

Rajabu alikuja mlangoni upande wa Baba. Alijaribu kusema "Shikamoo mjomba" na sauti ikakatika katikati. Baba akaitikia marahaba, akamshika kichwa, akamwambia, "Najua, baba. Najua. Usijisumbue."

"Tulingoja, mjomba. Maji yakaanza kuingia kaburini. Wazee wakasema haiwezekani tena."

"Mmefanya vizuri."

"Tumekubakizia udongo," Rajabu akasema. "Hatukulifunika lote. Tumekuachia wa kwako, tumeufunika mkeka usilowe."

Baba alimshika Rajabu bega, akashuka bila kudai kigoda, wakaondoka wawili, polepole, Baba akivuta ile nyonga.

Mnaniuliza kaburi liko wapi, liko chini ya mti gani, limejengewaje. Sijui. Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Mimi niliyeendesha kutoka Mtendeni niliishia uani, nikaingia walimokaa wanawake, nikakaa chini na tope langu la mbugani, na wakanisogezea nafasi. Bibi mmoja ambaye simjui alinishika mguu, akawa anausugua. Kitanda cha Shangazi kilikuwa kimeshasimamishwa ukutani.

Baba alirudi giza likianza kuingia. Nilitoka na jagi na beseni kumnawisha. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo hadi kwenye viwiko, zaidi sana ya zile konzi tatu za udongo anazotupa kila mzikaji, na magoti ya kanzu yake yalikuwa meusi. Nilimwagia maji, akawa anajisugua taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nimemwambia tulikuwa njiani," akasema.